Majiko matatu ya angani

Binti yangu ana miaka 9, na safari hii alikaa dirishani. Skrini iliyokuwa mbele yake ikaonyesha mwinuko wa mita 11,000 na halijoto ya nje nyuzi 54 chini ya sifuri. Akasoma mara mbili, kisha akanigeukia.

“Baba, si tunalisogelea jua? Mbona baridi ndiyo inazidi?”

Nilifurahi mno, kwa sababu swali hilo liliwahi kuninyima usingizi mimi mwenyewe. Nikamwambia aanze kwa kutafuta jiko liko wapi. Mwanga mwingi wa jua unaipita hewa kama unavyopita kwenye kioo, unatua ardhini na baharini, na ardhi na bahari hizo ndizo zinazoipasha hewa moto. Jiko liko chini, na sisi tulikuwa tumelipa kisogo. Tena hewa inapopanda, shinikizo linapungua, inatanuka, na kutanuka kunaipoza. Ukibonyeza vali ya tairi la baiskeli lililojaa utalihisi hilo kwenye ncha ya kidole: upepo unaotoka ni wa baridi. Kwa wastani, kila kilomita moja unayopanda inakupunguzia nyuzi 6.5.

“Kwa hiyo juu kabisa ni baridi tupu?”

Ndivyo walivyodhani hata wataalamu, mpaka Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alipoanza kurusha maputo yenye vipimajoto kutoka Trappes, karibu na Paris. Kufika kilomita 11 hivi, kipimajoto kikagoma kushuka. Angeweza kukimbilia kutangaza. Badala yake alikishuku chombo: huenda jua limekipasha moto. Akarusha usiku. Matokeo yakawa yale yale. Alirusha maputo zaidi ya 200 ndipo akasema hadharani, mwaka 1902, na ndiye aliyelipa tabaka la chini, ambamo joto linashuka, jina la troposfia, na lile la juu yake stratosfia. Ninampenda sana mtu huyu kwa zile safari za usiku.

Kilichokigomesha kipimajoto ni jiko la pili, yaani gesi ya ozoni. Inanasa miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na kuigeuza joto, hivyo kadiri unavyopanda ndani ya stratosfia ndivyo joto linavyoongezeka, hadi karibu nyuzi sifuri kwenye kilomita 50. Na ni ozoni kiduchu tu! Ingekusanywa yote ikashushwa usawa wa bahari, ingefanya utando wa milimita 3. Nilimwonyesha unene huo kati ya kidole gumba na cha shahada, akanyamaza kidogo.

Mesosfia, tabaka linalofuata juu ya stratosfia, haina jiko lake. Baridi inarudi, inafika nyuzi 90 chini ya sifuri karibu na kilomita 85, na humo ndimo vimondo vingi vinamoungulia. Juu yake, themosfia inapata jiko la tatu: molekuli chache zilizobaki zinapokea miale mikali kuliko yote, na halijoto inapita nyuzi 1,000. Lakini kwa uchache wake haziwezi kukupasha moto.

Akauliza kama huko nje oksijeni imekwisha. Wengi hukosea hapa. Mchanganyiko haubadiliki: nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni karibu 1, na hewa ya ukaa asilimia 0.04 tu. Upepo unaukoroga mchanganyiko huo hadi karibu kilomita 100. Kinachopungua ni hewa yenyewe. Pale tulipokuwa, zaidi ya robo tatu ya hewa yote ya dunia ilikuwa chini ya miguu yetu.

Mvuke wa maji ndio usiofuata utaratibu huo, na kwa bahati nzuri ushahidi ulikuwa dirishani. Wingu la radi lilikuwa limepanda kama mnara, kisha kilele chake kikatandaa bapa kama fuawe. Hapo ndipo dari ya troposfia. Hewa ya juu yake ina joto zaidi, kwa hiyo wingu halipenyi, linasambaa. Baridi ya dari hiyo inaugandisha mvuke kabla haujavuka. Ungevuka kwa wingi na kufika juu sana, miale ya jua ingeupasua, haidrojeni ingetorokea anga za mbali, na bahari zingekauka polepole. Nilimweleza hilo kwa sauti ya chini, maana abiria wengine walikuwa wamelala.

Tulipotua, chupa yake ya maji aliyoimaliza na kuifunga huko juu ilikuwa imebonyea, mbavu zimeingiana. Nikamweleza kwamba hewa ya ndani ya ndege inavutwa kutoka nje na kushindiliwa na injini, ila haifikii shinikizo la ardhini, ndiyo maana chupa ilibonyea. Basi hakuitupa. Iko juu ya kabati lake, imefungwa kizibo, na ameniambia nisithubutu kuifungua, kwa sababu hewa iliyomo ni ya kilomita 11.