Krismasi ya Cork na Pua ya Mpemba

Meli ya kutoka Holyhead, bandari ya Wales, hadi Dublin, mji mkuu wa Ireland, huchukua saa tatu na robo hivi, na tarehe 22 Disemba haina tofauti na boti ya Pemba siku mbili kabla ya Idi. Mabegi yamekatika zipu yakafungwa kamba. Watoto wamelala juu ya makoti. Mzee mmoja alipakata boksi la keki tangu bandarini, hataki kuliweka chini, na kila meli ikiyumba anazidi kulikumbatia. Wote wale wanarudi kwao. Mimi peke yangu, nadhani, nilikuwa nakwenda kwa watu.

Rafiki yangu tunafanya naye kazi wodi moja Manchester. Kila Krismasi mimi ndiye ninayejitolea kukaa zamu, maana sikukuu si yangu, na kila mwaka yeye ananiandama niende naye kwao Cork, Ireland. Safari hii akaja na neno jipya: "Mama kasema nisipokuja na wewe nisije kabisa." Nikamwambia wazi kwamba mimi Muislamu, pombe sigusi, nguruwe sili, na nyama nyingine yoyote lazima niulize imechinjwa vipi. Mtanialika mezani nikae nile mbatata? Akacheka. "Ireland kula mbatata si adhabu," akasema.

Nikatafuta visa (ya Uingereza haikufikishi kule, Ireland ni nchi nyingine na wana yao), nikafunga safari.

Dublin sikuiona. Tulitoka bandarini moja kwa moja hadi stesheni ya Heuston, tukapanda treni ya Cork, saa mbili na nusu na zaidi kidogo. Stesheni zote mbili, Heuston na ile ya Kent tuliyoshukia Cork, zina majina ya wanaume waliopigwa risasi na Waingereza mwaka 1916 baada ya maasi ya kudai uhuru. Rafiki yangu alinieleza hilo huku anakula sendiwichi, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Dirishani ni majani mabichi, ng'ombe, na mvua ya rasharasha isiyojua kukata wala kuchanganya.

Mama yake alitupokea mlangoni. Bintiye akamsalimu kwa Kiairishi, "Dia dhuit", yaani Mungu awe nawe, naye akajibu "Dia is Muire dhuit", Mungu na Maryam wawe nawe. Ukisalimiwa unarudisha kwa kuzidisha. Mimi niliyelelewa kwa salamu yenye jibu refu kuliko yenyewe nikajiona nimefika mahali ninapopaelewa. Lakini kilichonisimamisha kizingitini kilikuwa harufu. Nyumba nzima ilinuka karafuu.

Sisemi kwa mbali, kama keki inavyonuka. Ilinuka kama uwani kwetu Wete, Pemba, msimu ukichanganya, majamvi yameanikwa na mtu hana pa kupita.

Mama akanivuta hadi jikoni akafunua bakuli. Ndani mlikuwa na pande la kidari cha ng'ombe, jeusi kama mkaa, limetapakaa viungo. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mchinjaji Muislamu mjini, akanunua nyama iliyochinjwa kwa Bismillahi, na alikuwa nayo kwenye bakuli lile siku ya kumi sasa. Kila asubuhi anaigeuza na kuisugua tena: chumvi, shura kidogo ya kuifanya ibaki nyekundu ndani, sukari guru, pilipili manga, mdalasini, karafuu za kusaga, na mbegu fulani za Jamaica zinazonuka karafuu na kungumanga kwa pamoja. Wengine huichemsha kwa bia nyeusi. Yeye huichemsha kwa maji, karoti na vitunguu, taratibu kwa saa kadhaa, kisha anaikandamiza kwa sahani na tofali hadi ipoe. Inaliwa baridi, imekatwa nyembamba.

Nilitaka kusema ahsante, nikashindwa. Mtu wa miaka 79 ageuze nyama siku kumi kwa ajili ya mgeni asiyemjua.

Nyama hiyo ya viungo ni ya Cork hasa. Kesho yake tulikwenda English Market, soko lililofunguliwa 1788, paa la juu na mabucha mistari mistari, na siku ile foleni ya nyama ya viungo ilizunguka nguzo. Karne ya 18 mji huu ulikuwa ukitia chumvi nyama ya ng'ombe kwenye mapipa na kuipakia melini, chakula cha manowari za Uingereza na cha mashamba ya miwa ya Karibi. Nyama ikipita mbele ya macho ya watu wa kijijini ambao chakula chao wenyewe ni mbatata na maziwa ya mgando. Ilibidi ifike Krismasi ndipo mtu aonje kinachotoka mjini kwake. Hapo sikuhitaji kufafanuliwa. Karafuu za kwetu nyingi hatuzili: kidogo kwenye pilau, kidogo kwenye chai, moja jino likiuma. Zilizobaki tunachuma, tunachambua makonyo, tunaanika, tunauza.

Tukitoka sokoni rafiki yangu akanionyesha sanamu katikati ya barabara ya Mtakatifu Patrick. Hapa panahitaji maelezo, maana ukimtajia mtu Ireland kitu cha kwanza kumjia ni glasi ya bia nyeusi yenye povu. Na wana haki: Arthur Guinness alikodi kiwanda chake Dublin mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Miaka elfu tisa! Lakini ile sanamu, iliyosimamishwa 1864, ni ya padri Theobald Mathew, mtawa wa shirika la Wakapuchini hapo Cork aliyeanza mwaka 1838 kuwaapisha watu kuacha pombe, na walioapa walifika mamilioni. Mji una bia zake mbili nyeusi za jadi, na katikati yake amesimama mtu wa kuwaambia wasinywe. Vijana wanapeana miadi hapo wakienda baa.

Jioni nikagundua pini ndogo kwenye sweta la mama, moyo mwekundu. Ni ya Mapayonia, chama cha walioapa kutokunywa pombe, kilichoanzishwa Dublin na padri James Cullen mwaka 1898. Mama aliapa utotoni alipopata kipaimara, na hajaonja tone hadi leo. Kwa hiyo katika nyumba ile ya Waairishi wanane tulikuwa wawili tusiokunywa, mimi na mwenye nyumba, na tangu hapo akanikalisha upande wake. "Sisi wawili," anasema kila chupa ikifunguliwa, ananigusa goti.

Mkesha wa Krismasi ndiyo siku niliyofanya kazi. Paja la nguruwe lilikuwa limeshachemshwa, ngozi imebanduliwa, na mafuta ya juu yamechanjwa kwa kisu mistari ya mshazari yenye umbo la almasi. Kila penye makutano ya mistari huchomekwa karafuu moja. Mama akaniangalia, akaiangalia nyama, akaelewa. Tukagawana: yeye anachomeka, mimi nimekaa mwisho wa meza na kikopo namchagulia karafuu mojamoja. Nusu yake zilikuwa hazina vichwa. Nikaanza kuzitenga kando bila kufikiri, mkono umezoea, hadi mjukuu akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia karafuu isiyo na kichwa ni sawa na kijiti. Kwetu ukizipeleka kituo cha kuuzia zimechanganyika hivi unashushwa daraja na bei inashuka nayo. Wakanyamaza wote. Kumbe walikuwa hawajui kwamba ile ni ua. "Ua?" Ua, bado halijafunguka, linachumwa na mtu aliyepanda juu ya mti. Mama akaishika moja akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Nikageuza kikopo nisome, moyo unanidunda kama mjinga. Kimeandikwa Madagascar.

Usiku, kabla ya misa, mdogo kuliko wote nyumbani akawasha mshumaa mkubwa dirishani. Ni wa kuwaonyesha Bibi Maryam na Yusufu kwamba hapa kuna nafasi, na pia wa kumwangazia yeyote aliye njiani. Mwaka 1990 Mary Robinson alipokuwa rais aliwasha taa kwenye dirisha la ikulu na kuiacha kwa ajili ya Waairishi walioko nje. Siku iliyotangulia tulikuwa tumepita Cobh, bandari ya Cork, ambapo kati ya 1848 na 1950 watu zaidi ya milioni 2 na nusu walipanda meli wakaenda. Kuna sanamu ya msichana, Annie Moore, na wadogo zake wawili wa kiume. Waliondoka hapo tarehe 20 Disemba 1891, Krismasi ikawakuta baharini, na tarehe mosi Januari akawa mtu wa kwanza kuandikishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York. Nilisimama nikiiangalia sanamu ile nikawaza walikula nini siku hiyo katikati ya maji.

Siku yenyewe sitaieleza yote, chakula kilikuwa kingi mno. Bata mzinga, mbatata za kuoka na mbatata za kuponda kwenye sahani moja (hawaoni ajabu), vikabichi vidogo vichungu, samoni wa kukaushwa kwa moshi na mkate wa soda. Nyama yangu ilikaa pembeni yangu kwenye sahani yake, na ilipokatwa ndani ilikuwa nyekundu kama zulia, inakolea kwanza chumvi, halafu utamu, halafu, umeshameza, karafuu inabaki kwenye ulimi. Watoto wakaja kuomba. Nikawapa kwa masharti.

Mkasa ulikuja kwenye vitamu. Pudini ya Krismasi nilijua ina wiski, hiyo niliikwepa mapema. Badala yake mama alikuwa ameniokea mkate wa zabibu ulioloweshwa kwa chai usiku kucha, chai ya Barry's, ya hapo hapo Cork tangu 1901, ambayo majani yake yanatoka Kenya na Rwanda pamoja na Assam. Nikala vipande vitatu. Halafu likapita bakuli la kioo lenye tabaka za keki, jeli, kastadi na krimu, zuri kama la harusi, nikajipakulia. Kijiko kimeshafika mdomoni mjukuu akapiga kelele: ndani keki imeloweshwa mvinyo wa sheri. Meza nzima ikaganda. Mama akajipiga ishara ya msalaba. Nikatema kwenye kitambaa, nikaomba maji, na sikujua nicheke au nilie hadi nilipomwona yeye amelisukuma bakuli lake pia, bado zima. "Miaka sitini na kitu nalitengeneza," akaninong'oneza, "na sijui lina ladha gani."

Kesho yake, siku ya Mtakatifu Stefano, nikashawishika kwenda baa kusikiliza muziki. Nilisita sana mlangoni na mtandio wangu. Hakuna aliyegeuka, walikuwa wanapiga fidla. Rafiki yangu akaniagizia kitu wanachokiita wiski ya moto, akasisitiza bila wiski. Mhudumu akaweka kijiko ndani ya glasi kwanza, ili isipasuke, akatia sukari, akamimina maji yanayochemka, kisha akachukua kipande cha limau akakichomeka karafuu tano kwenye nyama yake, kwa kidole gumba, haraka, bila kuangalia. Kikaelea juu kama boya. "Hiyo sasa ni dawa ya mafua," akasema, akakataa hela. Nilikunywa mbili.

Siku ya kuondoka mama alikuwa anaoka tati, yaani pai, ya matufaha, yale makali ya kupikia aina ya Bramley, na kabla ya kufunika unga akadondosha karafuu juu. Huko pia! Alisikitika kwamba nisingekaa hadi tarehe 6 Januari, Nollaig na mBan, Krismasi ya Wanawake, ambayo Cork wanaishikilia bado: wanaume wanabaki jikoni, wanawake wanatoka kwenda kunywa chai na kusemana. Nikamwambia hiyo ndiyo ningeifunga safari peke yake.

Nilimpigia baba nikiwa kwenye treni. Nikamweleza: kwenye nyama, kwenye tati, kwenye maji ya limau.

"Kwenye matunda?" akasema. "Nani kawafundisha?"

"Sijui, baba."

"Wananunuaje?"

Dukani nilikuwa nimeangalia. Nikamwambia kikopo cha gramu 25 ni yuro mbili na nusu. Kimya. Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini, mara nne ni gramu mia, mara kumi tena. "Kilo yuro mia," akasema. "Yuro moja shilingi ngapi?" Nikamtajia.

"Hebu rudia," akasema, na nikamsikia akiinua sauti kuelekea uwani: "Mama Fulani! Njoo usikie haya."