Haki Ninayo, Lakini Breki Nazikagua Mwenyewe

Leo mchana nimebishana na mwenzangu wa baiskeli, mtu ninayemheshimu na aliyeanza kupanda kabla yangu. Anasema amechoka kusikia kila anayezungumzia usalama wetu akianza na taa, kofia na nguo za kung'aa. "Ndugu yangu, anayeua ni gari," aliniambia, na hakuwa anatania. "Kila siku sisi ndio tunaohubiriwa. Dereva anahubiriwa na nani?"

Nimeona niyaandike kabla sijalala, kwa sababu sehemu kubwa ya aliyoyasema ni kweli tupu. Gari dogo lina uzito wa zaidi ya tani moja. Mimi na baiskeli yangu kwa pamoja hatufiki hata robo yake. Tena nguvu ya gari ya kuumiza hupanda kwa mraba wa mwendo, ndiyo maana gari lililo kwenye kilomita 60 kwa saa linabeba nishati mara nne ya lile lililo kwenye 30. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufariki barabarani kila mwaka, na asilimia 6 kati yao ni wapanda baiskeli. Uholanzi, ambako leo watu wengi hupanda baiskeli bila kofia wala wasiwasi, haikufika hapo kwa kuwasema wapanda baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara zake, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na wazazi wakaingia barabarani kudai mabadiliko. Miaka iliyofuata njia za baiskeli zikatengwa na mwendo wa magari ukapunguzwa kwenye makazi. Barabara yenyewe ikibadilika, watu wanabaki hai. Hilo sitalibishia hata kidogo, na kila nafasi ya kulidai nitaitumia.

Ninachokikataa ni hatua moja anayoiruka mwenzangu: kwamba kwa kuwa kosa si langu, basi na kazi si yangu. Lawama hugawanywa ajali ikishatokea, askari akipima lami kwa futi, na mimi pengine nikiwa sina tena uwezo wa kujieleza. Wajibu ninaousema unakuja kabla ya hapo, na unatokana na hali ilivyo tu: kati ya wote tuliopo barabarani pale, mwenye cha kupoteza kikubwa ni mimi. Dereva akipitiwa kwa sekunde moja, mara nyingi atabadilisha bampa. Halafu kuna ile kauli tunayopenda kuisema kwenye misiba, kwamba ajali haina kinga. Naielewa kama maneno ya kumfariji mfiwa. Nikiwa juu ya baiskeli siitaki masikioni mwangu, kwa sababu ajali nyingi za baiskeli zina sura zilezile zinazojirudia, na kinachojirudia mtu anaweza kujifunza kukikwepa.

Chukua lori linalokata kona. Juzi nilikuwa kwenye makutano, taa nyekundu, na mbele yangu kulikuwa na lori refu lenye tela. Kati ya lori na ukingo wa barabara palikuwa na uwazi mzuri kabisa wa kupita, wa kutosha baiskeli mbili. Nilibaki nyuma yake, mahali ambapo niliuona uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni. Kama mimi simwoni kiooni, na yeye hanioni. Taa ilipowaka kijani lori halikukata kona moja kwa moja. Kichwa chake kilikwenda mbele, kikatanuka kuelekea katikati ya makutano kama linakwenda upande mwingine, ndipo likaanza kugeuka. Na ule uwazi ukaanza kufungwa kutoka nyuma. Magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata ndani zaidi, na niliyaangalia yakija taratibu mpaka yakakwaruza jiwe la ukingo, yakalipanda kidogo, yakashuka. Tairi ilikuwa inafika usawa wa usukani wangu. Haikuwa kasi. Mtu aliye ndani ya ule uwazi angekuwa na muda wa kuona kinachomjia na asiwe na pa kwenda.

Dereva yule hakufanya kosa lolote. Aliwasha indiketa, alisubiri taa, alitanua kona kama lori refu linavyolazimika kutanua. Ndiyo maana nasema sura hii ya ajali haisubiri dereva mbaya. Anayeweza kuizuia kwa urahisi kabisa ni mwenye baiskeli, kwa kutoingia mle.

Mlango wa gari lililoegeshwa nao ni hivyohivyo, ila hapo mwenye kosa yupo wazi: anayefungua bila kuangalia. Sawa, lakini mlango ukifunguka unachukua karibu mita nzima ya barabara, na mimi nikiwa kwenye kilomita 20 kwa saa natembea zaidi ya mita tano kila sekunde. Mlango ukifunguliwa mita tatu mbele yangu, hakuna breki duniani itakayonisaidia. Kwa hiyo magari yaliyoegeshwa napita mbali nayo, zaidi ya upana wa mlango, hata kama aliye nyuma yangu anapiga honi. Namsikia. Atapita pakiwa na nafasi.

Hili la nafasi ndilo wengi wetu tunaliogopa. Tumezoea kujibana pembeni kabisa, penye mchanga, vipande vya chupa na mifuniko ya mifereji, tukidhani tunampisha dereva na kujilinda. Kumbe ukijibana sana unamwambia dereva kwamba mnaweza kupita wote kwenye njia moja, naye anajaribu. Sheria za nchi kadhaa zimeweka umbali: Hispania dereva anatakiwa kuacha mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli, na Ujerumani tangu mwaka 2020 ni mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Lakini namba iliyo kwenye kitabu cha sheria haisimami katikati yangu na kioo cha basi. Mimi naacha nafasi upande wangu wa ndani, niwe na pa kukimbilia mtu akinisogelea, na barabara ikiwa nyembamba kiasi kwamba hakuna gari linaloweza kunipita salama, nakaa katikati ya njia yangu kwa makusudi mpaka pale pabaya papite. Nikimaliza nasogea, nanyoosha mkono kumshukuru aliyevumilia. Asilimia kubwa ya madereva wanaelewa.

Jambo ambalo sitalionea aibu kulisema kwa sauti ni la kwenda kinyume na magari. Nimesikia watu wazima wenye akili zao wakilitetea: "Bora niyaone yanayonijia." Nafanya hesabu kila mara. Baiskeli inakwenda 20, gari linakwenda 50. Mkielekea upande mmoja, gari linakukaribia kwa tofauti, yaani 30. Likiwa mita 60 nyuma yako, dereva ana sekunde saba za kukuona na kuamua. Mkielekeana, mnakaribiana kwa 70, na zile mita 60 zinaisha kwa sekunde tatu. Isitoshe, dereva anayetoka barabara ndogo anaangalia upande magari yanakotoka. Hana sababu ya kukutafuta upande mwingine. Unaweza kuwa na taa mbili na koti la manjano, yeye akakugonga huku akiapa kwamba hapakuwa na mtu, na atakuwa anasema kweli ya macho yake.

Kuhusu kuonekana, mwenzangu anaona ni mapambo. Mimi naona ni lugha pekee niliyonayo ya kuzungumza na mtu aliye ndani ya vioo vilivyofungwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaitambua baiskeli kama chombo cha usafiri, na unaitaka iwe na breki inayofanya kazi, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na taa: nyeupe au ya njano mbele, nyekundu nyuma. Hayo ndiyo matakwa ya chini kabisa. Mjini Odense, Denmark, kuanzia mwaka 2004 maelfu ya wapanda baiskeli walishiriki jaribio la mwaka mzima, baadhi yao wakiwa na taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku, na waliokuwa nazo walipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19 kuliko wenzao. Nilipoisoma habari hiyo niliacha kuzima taa zangu mchana.

Lakini kuna mambo hapa watu huyachanganya. Nguo ya rangi kali inang'aa mchana; giza likiingia inakuwa nguo kama nguo nyingine. Kiakisi nacho hakina mwanga wake, kinarudisha tu mwanga wa taa iliyokipiga, kwa hiyo gari linalotokea ubavuni, ambalo taa zake hazijakuelekea, halikioni kiakisi chako cha nyuma. Taa inabaki taa. Na kama una utepe mmoja tu wa kuakisi, mimi ningekushauri uufunge kwenye vifundo vya miguu kabla ya kuuweka mgongoni, kwa sababu miguu inapanda na kushuka na jicho la dereva linatambua mara moja kwamba ule mwanga unaochezacheza ni mtu.

Helmeti navaa, na sina ugomvi na mtu kuhusu hilo. Nataka tu ieleweke inafanya nini. Kiwango cha Ulaya cha EN 1078 huijaribu kwa kuiangusha ikagonga chuma kwa mwendo usiofika kilomita 20 kwa saa. Imetengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachoanguka kutoka juu ya baiskeli, na hilo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri: shimo, mchanga, reli iliyolowa. Haikutengenezwa kushindana na basi. Ikishapigwa mara moja sponji yake ngumu imebonyea ndani hata kama nje haionyeshi, na inatakiwa kubadilishwa.

Ninachokipa muda mwingi kuliko vyote hivyo ni breki. Nimewaona watu wenye helmeti nzuri na taa za gharama, ukibana breki yao ya mbele mkono unafika kwenye usukani. Kila jioni naminya zote mbili, naangalia kama raba zimegusa rimu sawasawa, kama waya umeanza kufumuka pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Uzi mmoja wa waya ukichomoza, nabadilisha waya wote. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu unaposimama uzito wako unakimbilia mbele, lakini wengi wamefundishwa kuiogopa, wanasimama kwa ya nyuma peke yake na baiskeli inateleza. Ya mbele unaibana polepole ukiongeza, huku ukirudisha makalio nyuma. Na kama breki zako ni za kubana rimu, mvua ikinyesha, mizunguko ya kwanza raba inafuta maji tu, haijaanza kazi. Siku ya mvua naanza kubana mapema zaidi, hata sehemu ninayoijua kama kiganja changu.

Simu na vifaa vya masikioni nitavipita haraka: sikio ndilo jicho langu la nyuma, na siliuzi kwa muziki.

Upande mmoja wa mjadala huu hatuugusi kabisa tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Barabarani kuna aliye mwepesi kuliko sisi, anayetembea kwa miguu. Yote mwenzangu anayoyasema kuhusu gari, bibi anayevuka na mzigo kichwani anaweza kuyasema kuhusu mimi nikimpita kwa kasi bila kupiga kengele, au nikipanda juu ya njia ya miguu kukwepa foleni. Siwezi kumdai dereva mita 1.5 halafu mimi nimpitie mtoto kwa shibiri.

Siku hizi namfundisha mpwa wangu, ambaye anataka kuanza kwenda shule kwa baiskeli. Bado hatujagusa barabara. Tupo kwenye uwanja mtupu, tumechora mstari mrefu kwa chokaa, na zoezi lenyewe ni kuangalia nyuma bila kuhama kwenye mstari. Mimi nasimama nyuma yake nikiwa nimeinua vidole, yeye anageuza kichwa juu ya bega akiwa anaendelea kukanyaga pedali, anataja ni vingapi. Mwanzoni kila akigeuka baiskeli nzima inamfuata, kwa sababu mabega yakizunguka na mikono inazunguka. Sasa amejua kulegeza viwiko na kugeuza shingo peke yake. Anavitaja vidole sawasawa, na gurudumu linabaki kwenye chokaa. Jumamosi tutaongeza mkono: aangalie nyuma, anyooshe mkono kuonyesha anakokwenda, aurudishe kwenye breki, aangalie tena, ndipo asogee. Akiweza hayo yote bila kuyumba, tutatoka wote wawili asubuhi mapema, mimi nyuma yake, kwenye barabara ile ndogo isiyo na malori.