Tulivyowapokea wapanda baiskeli 26 mjini Missoula

Julai 2023 kikundi chetu cha watu wa transijenda hapa Missoula, katika jimbo la Montana nchini Marekani, kilikuwa mwenyeji wa vijana 26 waliokuwa wakivuka nchi hii kwa baiskeli ili kuchangisha fedha za kuwasaidia wagonjwa wa saratani. Walilala kwetu usiku mmoja. Mimi ndiye niliyekabidhiwa chakula na malazi, kazi ambayo sikuwa nimewahi kuifanya kwa watu wengi kiasi hicho, na ninaandika jinsi tulivyoifanya kwa kuwa wenzangu kadhaa wanaozungumza Kiswahili, walio katika majimbo mengine, wameniuliza mara nyingi. Ninaposema transijenda ninamaanisha sisi ambao jinsia tunayoishi nayo si ile tuliyoandikiwa siku ya kuzaliwa. Mimi ni mwanamke, ingawa nilizaliwa nikaitwa mvulana.

Familia yetu ilikimbia Uvira, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka minne, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuandikishwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, nilikoishi hadi tulipoletwa huku mwaka 2018. Mtu aliyekulia kambini anajua sana kupokea: anajua kupanga foleni, kutunza kadi yake, kupimiwa unga na mafuta, na kushukuru. Nilipojiunga na wenzangu wa Missoula niliikuta hali ileile kwa sura nyingine. Watu wema walituletea nguo, walituletea mawakili, walituletea pole, lakini hapakuwa na mtu aliyetutegemea kwa jambo lolote. Ndiyo maana barua ya wale vijana ilinigusa hata kabla sijaimaliza, kwa sababu safari hii wao ndio walikuwa wanaomba: sakafu ya kulala, maji ya kuoga na chakula cha jioni.

Kupita kwao hapa hakukuwa jambo la ajabu. Missoula ni mji wa baiskeli. Mwaka ule hapa ndipo yalipokuwa makao makuu ya Adventure Cycling Association, chama kilichotokana na msafara wa Bikecentennial wa mwaka 1976, ambapo watu wapatao 4,000 walisafiri katika njia iliyochorwa kutoka pwani ya Oregon hadi Virginia, kiasi cha kilomita 6,800. Kila kiangazi utawaona wasafiri wa namna hiyo mitaani, wamebeba mizigo pande zote mbili za gurudumu, nyuso zimebabuka kwa jua. Barua yenyewe ilitufikia kupitia mwenzetu anayefanya kazi katika duka la baiskeli. Tuliijibu siku hiyohiyo, na katika aya ya kwanza tukaeleza sisi ni nani, kwa maana hatukutaka mtu agundue mlangoni, akiwa amechoka na hana pa kwenda. Baada ya siku mbili walijibu kwamba wangefurahi sana kuja, wakauliza kama tungekuwa na mahali pa kuanikia nguo.

Mwaka ule haukuwa mwepesi kwetu. Mwezi Aprili Zooey Zephyr, mbunge wa jimbo kutoka Missoula na mwanamke wa kwanza wa transijenda anayejulikana wazi kuchaguliwa katika Bunge la Montana, alizuiwa na wabunge wenzake kuingia ukumbini kwa siku zote zilizobaki za kikao. Mwezi Mei ikatiwa saini sheria iliyopiga marufuku maonyesho fulani katika majengo ya umma, yakiwemo ya watu wanaovalia mavazi ya jinsia nyingine, na kwa kuwa iliandikwa kwa maneno mapana, mapema Juni huko Butte, kilomita zipatazo 190 kutoka hapa, mhadhara wa historia katika maktaba ulifutwa kwa sababu tu mtoa mhadhara alikuwa mmoja wetu. Sisi tulikuwa tumeahidiwa ukumbi wa umma. Siku tisa kabla ya wageni kufika, msimamizi alinipigia simu akasema kwa upole kwamba asingeweza tena kutupatia. Nilimweleza kwamba tulikuwa tunapika wali na maharage. Alisema anaelewa, ila anaogopa. Mwishoni mwa Julai jaji wa shirikisho aliisimamisha sheria hiyo, lakini wageni wetu walikuwa wameshapita.

Katika siku zile tisa ndipo nilipojifunza kuuliza. Nilikuwa na mazoea ya kusubiri kutajwa kwenye orodha; sasa nilibisha hodi kwenye milango saba, nikieleza kila mahali maneno yaleyale bila kuficha neno, na mlango wa saba ukafunguka. Lilikuwa kanisa dogo lenye jiko la gesi, ukumbi wa chini wenye zulia, na kibaraza kipana ambacho kingetosha baiskeli zote zikiegemezwa kwa safu. Halikuwa na bafu. Kwa hiyo tuligawa uogaji katika nyumba tano za wanakikundi, na hapo ilinibidi nitembee polepole, kwa sababu si kila mwenzetu yuko tayari mgeni ajue anapoishi. Tulikubaliana kwamba anwani zisiandikwe popote. Madereva wetu wangewachukua wageni watano watano na kuwarudisha, na kila mgeni angechagua nyumba ya kuogea bila kuulizwa sababu. Kuhusu picha, aliyevaa utepe mwekundu mkononi hakutaka kupigwa, na hilo liliwekwa wazi kabla mtu hajatoa simu mfukoni. Kama utachukua jambo moja katika maelezo yangu, chukua huo utepe. Uliwatuliza watu kuliko hotuba yoyote.

Chakula ndicho kilichonikosesha usingizi. Nilijua siwezi peke yangu, na mtu pekee niliyemjua mwenye uzoefu wa kupikia umati ni mama yangu, aliyepika katika misiba na harusi zote za mtaa wetu kule Nyarugusu. Mama anasali na Wakongo wenzetu. Tangu nilipomweleza mwaka 2020 kwamba mimi ni mwanamke, hakunifukuza wala hakunikubali. Aliliacha jina langu la zamani bila kulishika jipya, akawa ananiita “mwanangu”. Kiswahili kilimsitiri sana katika hilo, maana “yeye” ni yeyote na “mwanangu” ni yeyote, na mzazi anaweza kuishi na mtoto wake miaka mitatu kwa lugha safi kabisa bila kulazimika kutamka neno moja la kumtambulisha. Niliogopa kumwomba. Nilipomwomba hatimaye, aliuliza watu wangapi, nikamjibu kwamba wageni ni 26 na sisi wenyeji ni 17. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” kisha akaniagiza nikaazime sufuria mbili kubwa.

Tulipika kilo kumi za mchele, kilo tano za maharage, sombe (kisamvu), na chapati 120 ambazo tulianza kuzisukuma tangu saa nne asubuhi. Mama hupika sombe kwa karanga, na katika fomu tulizowatumia wageni mmoja wao alikuwa ameandika kwamba karanga zingeweza kumuua. Mama hakulichukulia hilo kama deko la Wazungu. Alitenga sufuria, mwiko na kibao vya mgeni huyo pekee, akavifunga kitambaa cheupe, na akasimama kando yake hadi chakula kilipopakuliwa. Makosa yangu yalikuwa katika hesabu. Nilikadiria kama ninavyokadiria kwa watu wa kawaida, wakati kijana aliyepanda mlima kwa baiskeli kutwa nzima anakula sehemu ya watu wawili, na baada ya saa moja anarudi. Wali uliisha, wakala ukoko, na mwanakikundi mmoja akakimbia kununua mikate.

Walifika saa tisa alasiri wakitokea upande wa Idaho, baada ya kuvuka Lolo Pass iliyo mita 1,595 juu ya usawa wa bahari, kisha wakaingia mjini kwa njia ya baiskeli inayotoka Lolo. Kwa nusu saa ya kwanza pande zote mbili zilikuwa na haya. Wao walisimama karibu na baiskeli zao, sisi tukasimama karibu na sufuria zetu. Kilichovunja ukimya ni maji. Kila aliyepewa gilasi aliuliza jina la aliyempa, na kwa baadhi yetu, ambao majina yetu hubishaniwa kila mahali tunapotoa kitambulisho, kuulizwa jina na kuitwa papo hapo kwa jina hilo lilikuwa jambo zito.

Baada ya chakula, msichana mmoja alikuja akisukuma baiskeli yake polepole. Spoku moja ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekatika mteremkoni, na maduka yalikuwa yamefungwa. Kule kambini baiskeli ndiyo lori na ndiyo teksi. Hubeba muhogo, madumu ya maji na wajawazito, na mjomba wangu, aliyekuwa fundi, alinifundisha kunyoosha rimu kabla sijafika miaka kumi na mbili. Bahati nzuri spoku ilikatika upande usio na cheni, na msichana alikuwa amefunga spoku za akiba kwenye fremu. Niliigeuza baiskeli juu chini kibarazani, nikatoa tairi na tyubu, nikapitisha spoku mpya katikati ya wenzake kama mtu anayesuka ukili, kisha nikaanza kulizungusha gurudumu huku nimeweka ukucha karibu na rimu, nikisikiliza mahali linapogusa. Ukikaza upande mmoja robo mzunguko, unalegeza upande wa pili kidogo, unazungusha tena. Huku Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku, lakini kibaraza kilikuwa kimeanza kuingia giza.

Mama alitokeza mlangoni akiwa na unga mikononi, akatutazama, akamwita mtoto wa kaka yangu aliyekuwa akicheza kwenye ngazi. “Wewe,” alimwambia, “njoo umshikie shangazi yako tochi.”

Kwetu ndugu wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa, au ni shangazi. Hakuna neno la katikati la kujifichia. Mtoto alikuja akashika tochi. Mama alisharudi jikoni. Sikuinua kichwa, na nililizungusha gurudumu lile mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, wale vijana walisimama kwa duara na kila mmoja akaandika kwa kalamu ya wino, kwenye misuli ya mguu wake, jina la mtu anayeugua saratani au aliyefariki kwa ugonjwa huo. Mwenzetu mmoja, mzee kuliko sisi sote, aliuliza kama wangeweza kumchukua rafiki yake. Aliyeulizwa alikaa chini, akanyoosha mguu na kumpa kalamu aandike mwenyewe. Mzee alichukua muda mrefu, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka na hakutaka kukosea herufi. Kisha wakashika njia ya kusini, kuelekea bonde la Bitterroot.

Mwezi Agosti msichana wa spoku alinitumia picha ya gurudumu lake likiwa limelowa maji ya Bahari ya Atlantiki, na maneno machache kwamba halikuyumba tena. Nilimfasiria mama. Aliitazama picha kwa muda, akauliza kama mwaka unaofuata wangekuja wangapi, kwa sababu kilo kumi za mchele hazikutosha.