Meseji kumi na sita za marejesho ambayo hayakuwepo

Jumamosi moja jioni simu za kina mama kumi na sita ziliita, moja baada ya nyingine, kikao cha kikoba chao kikiwa bado kinaendelea. Kila meseji ilisema rejesho limepokelewa na salio jipya la mkopo ni kiasi fulani. Nilipofungua ukurasa wa kikao kwenye programu ya kompyuta inayotunza hesabu zao, hapakuwa na rejesho hata moja.

Programu hiyo niliitengeneza mimi. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba hicho, hapa Morogoro, na kwa miaka alikuwa akirudi na daftari nyumbani kupiga hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mpaka usiku. Nilitaka apumzike. Nikatumia Django, zana ya kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Python, na PostgreSQL kama kanzidata, yaani ghala la kuhifadhia rekodi. Nilichohitaji kilikuwa kidogo tu: rejesho likihifadhiwa, salio la mkopo lipungue lenyewe, na mwanachama apate meseji bila mtu kubonyeza kitu kingine.

Django ina ishara za kazi hiyo. Rekodi inapohifadhiwa, ishara iitwayo post_save hutolewa, na wewe unaandika kipande cha msimbo, yaani maagizo ya programu, cha kuisikiliza. Changu hakikufika mistari ishirini. Kilipunguza salio, kikatuma meseji, nikaona kazi imekwisha.

Shida ya kwanza ilijitokeza wiki ileile. Mama alirudi kwenye rejesho moja kusahihisha maelezo yake, akahifadhi tena, na salio la yule mwanachama likapungua mara ya pili. Ishara hutolewa rekodi ikiwa mpya na hata ikiwa imehaririwa; kuna alama iitwayo created inayotofautisha hali hizo mbili, nami sikuwa nimeiangalia. Nikaiongeza. Lakini hapo nikaona tobo jingine: mama akisahihisha 20,000 kuwa 25,000, salio halitabadilika kabisa. Ndipo nikaacha kupunguza salio kidogo kidogo. Sasa kila rejesho linapoguswa au kufutwa, salio linahesabiwa upya: mkopo wote ukiondoa jumla ya marejesho yote yaliyomo. Ukihifadhi mara kumi, jibu ni lilelile. Naamini kitendo chochote kinachofanyika chenyewe kinapaswa kuwa hivyo, kwa sababu huwezi kujua mtu atabonyeza kitufe mara ngapi.

Sasa nirudi kwenye ile Jumamosi. Fomu ya kikao ina mstari kwa kila mwanachama, na ukibonyeza "hifadhi" Django, kwa mpangilio nilioweka, inaifunga mistari yote ndani ya muamala mmoja wa kanzidata: ama yote iingie, ama usiingie hata mmoja. Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa mama mmoja aliyeleta 30,000 huku akidaiwa 25,000. Nilikuwa nimeweka sharti kwenye jedwali la mikopo kwamba salio lisishuke chini ya sifuri, na PostgreSQL ikakataa. Muamala mzima ukatenguliwa. Kanzidata ilifanya sawasawa kabisa. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu post_save hutolewa mstari ukishaandikwa lakini muamala ukiwa bado haujakamilika, na meseji nilikuwa nazituma palepale. Kanzidata inaweza kurudi nyuma. Meseji ikishafika kwenye simu ya mtu, hairudi.

Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mtu akiwa na meseji mkononi, deni linahamia kwangu." Usiku ule sikulala vizuri.

Dawa ya kwanza ilikuwa on_commit, ambayo imo ndani ya Django tangu toleo la 1.9 la mwaka 2015. Unaikabidhi kazi, nayo inaisubirisha mpaka muamala ukamilike. Muamala ukitenguliwa, kazi inatupwa. Kwa jambo dogo inatosha. Kwetu haikutosha, kwa sababu umeme ukikatika baada ya muamala kukamilika na kabla ya kutuma, meseji inapotea na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ilipaswa kwenda. Halafu mama alikuwa akisubiri ukurasa huku seva, yaani kompyuta inayoendesha programu, ikiongea na kampuni ya meseji, mstari kwa mstari.

Nikatengeneza jedwali la foleni. Rejesho linapohifadhiwa, ishara haitumi chochote; inaandika tu safu moja kwenye foleni, ndani ya muamala uleule. Rejesho likitenguliwa, safu nayo inatoweka pamoja nalo. Pembeni kuna programu ndogo inayoamka kila dakika, inachukua safu zinazosubiri, inatuma, kisha inaweka alama ya saa. Inapozichukua inazifunga, na nakala nyingine ya programu hiyo ikiamka kabla ya ya kwanza kumaliza, inazivuka zilizofungwa. Bado upo mwanya mwembamba: meseji imetoka, alama haijawekwa, seva ikazima. Hapo mtu atapata meseji mbili za rejesho moja. Nilichagua hivyo kwa makusudi, maana meseji mbili za jambo la kweli ni afadhali kuliko moja ya jambo ambalo halikutokea.

Ukienda njia hii, jihadhari na mambo haya. Kuiita save(), amri ya kuhifadhi, ya rekodi ileile ndani ya post_save yake kunazungusha msimbo mpaka Python ikatae. Mimi salio naliandika kwa update(), amri inayobadilisha rekodi moja kwa moja kwenye kanzidata. Lakini update() yenyewe haitoi ishara, wala bulk_create, ya kuingiza rekodi nyingi kwa pamoja, haitoi. Nilipoingiza marejesho ya daftari la zamani kwa mkupuo, masalio hayakusogea, nikalazimika kuandika msimbo wa kuyahesabu upya. Tangu hapo hesabu ya salio nimeitoa kwenye ishara na kuiweka kwenye kipande kimoja chenye jina, kinachoitwa waziwazi kila marejesho yanapoingizwa au kubadilishwa. Ishara nimeiachia foleni peke yake. Anayesoma msimbo wa kuhifadhi rejesho anaona palepale kwamba salio litaguswa, hahitaji kulitafuta faili jingine.

Fomu nayo sasa inakagua kiasi kabla ya kuhifadhi, lakini sharti la kanzidata sijaliondoa.

Jumamosi iliyofuata nilikaa karibu na mama. Kabla hajajaza ya kweli, nilizima kwa muda ukaguzi wa fomu na kumwomba aandike rejesho moja lililozidi deni, makusudi. Ukurasa ukakataa. Tukasubiri dakika tatu nzima, simu kimya. Nikaurudisha ukaguzi, akasahihisha, akahifadhi. Haikupita dakika, simu ya kwanza ikaita, na mama akafungua daftari lake kulinganisha.