Pua ya Dada

"Mjomba, kwani mama aligongwa na nini puani?" Mpwa wangu kaniuliza hivi jana, mkononi ana picha ya harusi ya mamake. Nikamjibu hakugongwa na kitu. Hapo nikakwama.

Ilikuwa Ramadhani ya 2021. Dada mafua hayaishi, damu puani, kikohozi. Lakini Kibokoni nzima, mtaa wetu wa Mombasa, ilikuwa ikikohoa. Mama akamfukiza kwa mwarobaini. Kipimo cha korona kikarudi hasi. Daktari akasema vipimo hukosea, na picha ya mapafu ilikuwa na madoa pande zote mbili. Sikumlaumu, wagonjwa walijaa hadi barazani. Akamwandikia deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe na kutuliza kinga ya mwili. Wallahi, haukupita muda dada akaanza kula futari na kutugombeza, tukajua amepona. Dawa zilipokwisha, yote yakarudi, na magoti yakavimba juu yake.

Tukamkimbiza usiku, kafyu imekaribia. Muuguzi mmoja wa makamo akapokea kikombe cha mkojo, akakiinua kwenye taa. Rangi ya turungi. Akachovya kile kijikaratasi cha kupimia, akasubiri, midomo ikihesabu nyuma ya barakoa. Kisanduku cha kupimia damu kilikuwa cha manjano. Kikageuka kijani kibichi mbele yetu: damu imo. "Huyu mwamtibu kifua," akamwambia daktari kijana, "na mafigo je?" Daktari akamwangalia dada upya, safari hii akaanzia miguuni. Akabonyeza vipele vyekundu vya kwenye muundi, havikufifia.

"Damu ya puani ina muda gani?"

"Tangu kabla ya Shaabani," dada akasema. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sampuli ikapelekwa Nairobi, jina likarudi refu: granulomatosisi yenye poliangiitisi. Hadi 2011 uliitwa kwa jina la Wegener, daktari Mjerumani. Kinga ya mwili huigeukia mishipa midogo ya damu, ya pua, ya mapafu, ya mafigo. Akatiwa siklofosfamidi na prednisoloni, dawa za kuituliza kinga hiyo. Mafigo yakasalimika. Gegedu ya pua ilikuwa imeshaliwa, ikabonyea.

Kinachonisumbua ni ile deksamethasoni. Ilituficha ugonjwa, au ndiyo iliyomshikilia dada mpaka tukafika kwa yule muuguzi? Nilimuuliza daktari wake wa sasa, akacheka: "Yote mawili." Mama hana shida hiyo. Kwake ilikuwa korona, ikatoka kwa mwarobaini, na hizi tembe za kila asubuhi ni biashara ya madaktari tu.