Mkopo ulisimama, sisi tukaenda SIDO

Tuko wanawake watano wa Uyole, Mbeya, tunasaga unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya na karanga. Mwishoni mwa 2022 tuliandika katiba ya kikundi, tukafungua akaunti, tukapeleka maombi ya ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani. Nne ni ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Hauna riba, na ndiyo maana tuliutaka huo tu. Tulishachoka na mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kubwa.

Aprili 2023 Serikali ikaisitisha mikopo hiyo nchi nzima ili ipange upya utaratibu. Kikao cha wiki ile kilikuwa kizito. Wenzangu wawili walitaka tugawane akiba, kila mtu ashike lake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu akatuambia, "Akina mama, mkisubiri mmekaa, mkopo utarudi uwakute vilevile." Nilimwamini dada yule, na mpaka leo namshukuru.

Tukaenda SIDO, shirika la Serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Tulijifunza usindikaji na ufungashaji, kisha wakatuandikia barua ya utambulisho kwenda TBS, Shirika la Viwango linalopima ubora wa bidhaa. Barua hiyo ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO halipii leseni ya alama ya ubora kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Sampuli ya kwanza tuliyopeleka TBS ilikataliwa. Karanga zilikuwa na sumukuvu.

Niliumia sana, maana unga ule wanakula watoto, wakiwemo wajukuu zangu. Sumukuvu huioni wala huionji, na kukaanga hakuiondoi yote. Inaletwa na kuvu, na kuvu wanapenda unyevu. Sisi magunia tulikuwa tunayalaza sakafuni, na mvua za huku Mbeya mnazijua. Fundi akatuchongea chaga za mbao za kuinulia magunia. Tukanunua turubai, tukawa hatuaniki tena chini. Karanga tunazichambua kwa mkono punje kwa punje, na zilizosinyaa, zilizopasuka au zilizobadilika rangi tunazitupa. Bibi mmoja wa kikundi, Mnyakyusa, alikuwa akitusimamia kwenye ungo kama vile ni harusi ya mwanawe. Mahindi nayo tukayafanyia hivyohivyo.

Sampuli ya pili ikapita, jengo likakaguliwa, tukapata alama.

Mikopo iliporejea 2024 tulijaza maombi upya. Safari hii tulikuwa na leseni, alama ya ubora na daftari la mauzo la mwaka mzima, na mchanganuo wetu ulikuwa na hesabu za kweli. Tuliomba milioni sita za mashine ya kusaga, tukapewa, na tunarudisha milioni sita ileile.

Yamebaki marejesho ya miezi minne. Chaga za mbao tumeongeza mbili, kwa sababu msimu huu karanga tunanunua kwa gunia.