SKS za zamani na risasi za ganda la chuma, nilivyozifanya zisikwame tena

Jamani nimechoka kusikia eti ganda la risasi likiwa la chuma badala ya shaba linaua bunduki za zamani. Mimi ndio nashika armari, yaani ghala la silaha, la kampuni ya ulinzi hapa Entebbe, SKS zetu, bunduki za muundo wa Kisovieti zinazojijaza zenyewe, zina umri wa mzee wangu na zinapiga chuma safi kabisa. Mhandisi wa Kisovieti Simonov aliichora 1945 kwa risasi ya 7.62x39, na Wasovieti wenyewe walikuwa wanapiga maganda ya chuma, sasa tatizo litoke wapi?

Ni kweli zilikuwa zinakwama. Renji askari anapiga mbili tatu, ganda linang'ang'ania ndani, mpaka agonge bolti (kile chuma kinachoenda nyuma na mbele kuingiza risasi na kutoa ganda) kwa kiatu. Afande mmoja mstaafu akaniambia, "Kijana, hiyo ni vanishi iliyopakwa kwenye ganda la chuma inayeyuka, wapige za ganda la shaba tu." Shaba bei yake unaijua, na tulipoijaribu ikakwama hata zaidi! Maana chuma hakitanuki kuziba chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kama shaba, moshi unarudi nyuma unaacha masizi, halafu shaba ikija inabanwa mle mle. Na chini ya masizi kulikuwa na grisi ya stoo ya miaka na miaka, ikipata moto inakuwa gundi.

Brashi ya mtutu haisaidii hapo, chemba ni pana kuliko mtutu kwa hiyo brashi inapita hewani tu. Nilichukua brashi ya bastola ya 9 mm nikaizungushia kitambaa mpaka ikajaa, nikaifunga kwenye spoku ya baiskeli, nikaipinda ili iingie kwa juu bolti ikiwa nyuma, petroli kidogo, nikazungusha. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama lami! Nikarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe, na renji iliyofuata hakuna aliyevua kiatu. Spoku nilipewa bure na fundi wa baiskeli, brashi ni elfu chache tu.

Hapo hapo toa bolti uitikise, pini inayogonga risasi lazima uisikie ikicheza. Grisi ikiishika ikabaki mbele, bunduki inaweza kujipiga yenyewe bolti ikifunga, na hiyo sio mchezo.

Sasa kutu. Wanakwambia paka oili tu, tulipaka, na kwa unyevu huu wa ziwa kutu ikarudi. Risasi nyingi za zamani fataki yake (kile kidonge cha kuwasha baruti kitakoni mwa ganda) inaacha chumvi na oili haiyeyushi chumvi, maji ndio yanayeyusha. Siku ile ile ya kupiga namimina maji ya moto ya thamosi kwenye mtutu, bomba la gesi na pistoni inayosukumwa na gesi hiyo kurudisha bolti, chuma kikipata joto kinakauka chenyewe, ndio napaka oili nyembamba. Usiseme mtutu wangu una kromu ndani, pistoni itakuozea. Na ukitaka kuchanganya shaba na chuma siku moja, piga shaba kwanza.